Pau moja yenye nguvu: maswali yenu ya briji

Toka tuandike kuhusu mnada wa briji toleo lililopita meseji zimekuwa nyingi kweli, na nyingi zinatoka huku huku kwetu, Mbeya, Iringa, Makambako, na karibu zote zinauliza kuhusu ule mfumo wa kufungua 1 pau ukiwa na mkono mkubwa, unaoitwa Precision. Kwa anayeingia leo: briji ni watu wanne, patna kwa patna, karata 13 kila mtu, kabla ya kucheza mnanadi nani atachukua triki (karata nne za mzunguko mmoja) ngapi zaidi ya sita na turufu ni ipi. Kila tamko la mnada ni bidi, namba yake ndo hizo triki za juu ya sita, na bidi ya kwanza ndo kufungua. Aina zinapanda hivi: pau, uru, kopa, shupaza, juu kabisa bila turufu. Pointi tunahesabu ree (A) 4, mfalme (K) 3, malkia (Q) 2, jeki (J) 1, jumla kwenye deki ni 40. Ukitaka gemu ya kopa au shupaza, yani ahadi ya triki kumi yenye bonasi, mkono wako na wa patna viwe na kama 25 au 26 hivi. Slamu ya triki 12 ni kama 33. Haya, tuingie.

Dada shikamoo. Mimi na mwenzangu hapa Uyole tulizoea mfumo wa kawaida, ukiwa na shupaza tano na pointi 13 unasema 1 shupaza, ukiwa na 20 unasema hivo hivo 1 shupaza. Mzee mmoja akatuambia tuhamie Precision. Tumehamia ila tunaona kama tumejichosha bure, jioni nzima unaweza ukafungua 1 pau mara mbili tu. Sasa faida iko wapi? Jumapili nilipata huu: shupaza A-K-10-7-4, kopa 8-3, uru K-Q-5, pau A-9-6. Nikafungua 1 pau, patna akasema 1 bila turufu, tukafika 4 shupaza na tukapata. Lakini hata kwa mfumo wa zamani tungefika. (Uyole, Mbeya)

Marahaba mdogo wangu. Kwanza mlinadi vizuri, hongereni. Una pointi 16, ndo mlango wa 1 pau, yani 16 kwenda juu karata za aina yoyote ile. Patna kasema 1 bila turufu, maana yake ana 8 mpaka 10 na mkono umetulia hauna aina ndefu, na kuanzia pale wote wawili mnajua gemu lazima ifikiwe, hamna mtu wa kupasi katikati. Ukasema 2 shupaza kuonyesha tano, akakupandisha 3, ukamaliza 4. Na ni kweli kabisa, kwa mkono huu mfumo wa zamani nao ungefika, sibishani na wewe hapo.

Ila unatafuta faida sehemu ambayo haipo. Mikono ya 16 kwenda juu ni kama mmoja kati ya kumi. Mikono ya 11 mpaka 15 ni kama theluthi nzima! Kwa hiyo faida ya Precision iko kwenye ile theluthi, iko pale unapofungua kitu ambacho SIO 1 pau. Mkishakubaliana kwamba mkono mkubwa wowote unaanza na 1 pau, basi ukisema 1 kopa au 1 shupaza umeshamwambia patna mambo mawili kwa pamoja, nina tano na nina 11 mpaka 15, sizidi hapo. Ni kama umeenda kununua viazi na mdogo wako na umeshamwambia bajeti kabla hamjashuka kwenye bajaji, hatakaa aanze kupatana gunia ambalo hamliwezi.

Angalia patna wako akiwa na pointi 9, shupaza mbili tu. Wewe umefungua 1 shupaza. Kwa mfumo wa zamani unaweza ukawa na 20, kwa hiyo anaogopa kupasi, lazima aseme kitu, na wewe ukisema kitu tena anaogopa tena, mnapanda panda mpaka mnajikuta pabaya. Kwa Precision anajumlisha kichwani, 15 na 9 ni 24, gemu haipo, anatafuta mahali pazuri pa chini anatulia, wala hatoki jasho.

Afu kuna hii ambayo mimi ndo naipenda kuliko zote. Umefungua 1 shupaza, patna ana shupaza Q-9-6-5-2, kopa moja tu ya 4, uru K-8-7-3, pau 10-6-4. Pointi tano. Anaruka moja kwa moja 4 shupaza, kuwafungia wapinzani njia. Siku nyingine ana shupaza nne na pointi 13 zilizotulia, anaruka vile vile 4 shupaza, sababu 13 na 15 ni 28, slamu haipo, hamna cha kuchunguza. Sasa yule mpinzani aliyekaa baada yake, ana kopa sita na pointi 14, afanyeje? Akiingia kwa 5 kopa anaweza akakutana na ule mkono wa 13 akachinjwa kwa dabo, yani bidi ya kuzidisha adhabu akishindwa. Akipasi inawezekana kaibiwa gemu yake ya kopa. Hajui, na hana namna ya kujua, hata akiwauliza mtamjibu ukweli kwamba hiyo bidi inabeba mikono yote miwili. Kwa mfumo wa zamani mkono wa 13 usingeweza kuruka hivo sababu mwenzake anaweza kuwa na 20 na slamu ikawapita.

Kwa hiyo msihesabu mmefungua 1 pau mara ngapi. Hesabuni ni mara ngapi mmesimama mahali sahihi bila kuhangaika.

Kamwene dada. Sisi shida yetu ni wapinzani. Tukisema tu 1 pau wanarukia 2 shupaza, 3 uru, yani vurugu, hata hawana pointi. Patna wangu anachanganyikiwa tunaishia kukosa gemu. (Kihesa, Iringa)

Kamwene sana. Hao wapinzani wenu wanajua wanachofanya, msiwachukie. Huo ndo udhaifu mkubwa wa mfumo huu na lazima usemwe wazi. 1 pau ni bidi ya chini kabisa na haijataja aina hata moja, patna anajua una nguvu ila hajui kama ni kopa au shupaza au nini, kwa hiyo mtu akiingia na kelele zake kabla hamjaelewana anawanyang'anya ngazi zote za kuelezana.

Dawa ni kukubaliana KABLA, mkiwa nyumbani mnakunywa chai na hamna mtu anawasubiri. Wengi wanacheza hivi: mpinzani akiingia kwenye ngazi ya kwanza au ya pili, patna akipasi maana yake hana kitu, 0 mpaka 4. Akisema dabo, na hapa sio ya adhabu, ana 5 mpaka 7, mkono wa kati. Akitaja aina yake mwenyewe ana karata tano na 8 kwenda juu, hapo gemu lazima. Akisema bila turufu ana 8 au zaidi na ana kizuizi kwenye aina ya mpinzani, yani karata ya kuwazuia wasizoe triki zote za aina hiyo. Na ana 8 lakini hana aina ndefu wala kizuizi? Anataja ile ile aina ya mpinzani, hiyo inamwambia mfunguaji "nguvu ninayo, wewe sema unachotaka".

Ona uzuri wake, ile dabo ya 5 mpaka 7 inawapa kitu ambacho bila kelele za mpinzani hamkuwa nacho! Kawaida patna mwenye 0 mpaka 7 anasema 1 uru, kapu moja la mikono yote dhaifu. Mpinzani akiingia mnapata nafasi ya kuligawa mara mbili, hana kitu kabisa au ana kidogo. Mkizoea mtaona wale jamaa wanapunguza kurukaruka wenyewe.

Na wewe mfunguaji, ukiwa na mkono wa 16 kavu kavu na mpinzani kapanda 3 uru na patna kapasi, usilazimishe. Patna kakwambia hana kitu. Mwamini.

Mimi na mume wangu tunacheza pamoja. Je tunaweza kuweka maana zetu wenyewe kwenye 1 pau, tusiwaambie wengine? Mume anasema ndo ujanja wa karata. (Njombe)

Hapana mama, na mweleze baba kwa upendo. Kwenye albastini au michezo mingine ya kijiweni watu wanakonyezana ikaisha kwa kicheko, ila kwenye briji sheria haina utani hapo, makubaliano yote ya patna na patna wapinzani wana haki ya kuyajua. Wekeni maana zenu zozote, ruksa kabisa mahali pengi, ila 1 pau ikitoka mnawataarifu kwamba hii sio pau ya kawaida, na wakiuliza mnajibu lote. Kinachobaki siri ni karata zako za mkono huo basi. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nyie ni mke na mume, mnajuana kwa kuangaliana tu, na meza ikianza kuwatilia shaka hamtapata watu wa kucheza nao Njombe yote.

1 uru kwenye Precision mbona haieleweki? Nilifungua 1 uru nina uru mbili patna akakasirika. (Mafinga)

Pole. Hiyo ndo bei ya mfumo. 1 pau imeshachukuliwa na mikono mikubwa, 1 kopa na 1 shupaza zinataka tano, 1 bila turufu ni 13 mpaka 15 umetulia, 2 pau ni 11 mpaka 15 na pau ndefu, kwa kawaida sita. Sasa yale mabaki yote ya 11 mpaka 15 yaende wapi? Yanaenda 1 uru. Kwa wengi siku hizi inaweza kuwa na uru mbili tu, mfano pointi 12 za kutulia na pau nne. Kosa sio lako wala la patna, ni kwamba hamkuongea. Kaeni mchague moja, 1 uru ina uru mbili kwenda juu au nne kwenda juu, afu patna akijua ni mbili asikimbilie kukupandisha mpaka awe na uru tano za kwake. Na msisahau ile 2 uru ya Precision, 11 mpaka 15 na uru moja au huna kabisa, nne kopa, nne shupaza, pau zinazobaki. Haiji mara nyingi ila ikija inaeleza karata karibu zote kwa neno moja.

Shikamoo. Nimesikia mfumo huu ni wa Wachina, wengine wanasema wa Wataliano. Ukweli ni upi? (Soweto, Mbeya)

Marahaba. Wote wana sehemu yao. Wazo la kufungua 1 pau kwa mkono mkubwa ni la zamani karibu kama briji yenyewe, Harold Vanderbilt, yule Mmarekani aliyetengeneza hesabu za briji tunazotumia akiwa safarini melini mwaka 1925, alikuwa na mfumo wake wa namna hiyo. Wataliano nao walitawala dunia miaka na miaka wakitumia pau zenye nguvu za kwao. Ila Precision yenyewe ni ya C. C. Wei, mzaliwa wa China aliyehamia Marekani, mtu wa biashara ya meli, wala hakuwa mchezaji bingwa. Timu ya Taiwan ikaubeba mfumo wake mwaka 1969 kwenda ubingwa wa dunia kule Rio de Janeiro, timu ambayo hakuna aliyeitegemea, ikamaliza ya pili nyuma ya Italia. Mwaka uliofuata, Stockholm, ya pili tena, safari hii nyuma ya Wamarekani. Na mwaka 1972 Wataliano wenyewe, waliokuwa na mifumo yao ya miaka yote, wakabeba Precision wakashinda Olimpiadi ya briji. Mimi hiyo inanigusa kila nikiifikiria, bingwa kukubali kujifunza kwa timu ambayo yeye ndo aliishinda.

Hapa Tukuyu tuko wawili tu tunaojua briji. Tutajifunzaje? (Tukuyu)

Wawili mnatosha kwa mnada! Gawa mikono minne kama kawaida, miwili iweke pembeni imefunikwa, kila mmoja ashike wake mnadi mpaka mwisho, andikeni kila bidi kwenye daftari. Mkimaliza fungueni mikono yenu mezani muone kama mlichosema ndo mlichokuwa nacho. Msichague mikono mikubwa peke yake, nadini hata ile ya 11 inayochosha. Kwa intaneti kuna Bridge Base Online, mnaingia bure mnafungua meza yenu, ila mjue roboti za pale zinanadi kwa mfumo wa Kimarekani, ukisema 1 pau zitadhani una pau kweli. Kwa hiyo kwa Precision chezeni nyie wawili dhidi ya watu, na kumbukeni kule ni wewe mwenyewe unayeandika maelezo ya bidi yako kwa wapinzani. Mwezi wa kwanza msiongeze kitu chochote juu ya yale ya msingi, hata mkikisoma mahali kinavutia namna gani.