Hati ya mtegemezi imeisha mkiwa Bujumbura? Apite Manyovu

Pole sana kaka. Umesema hati ya mtegemezi ya shemeji, yaani kibali chake cha kuishi Tanzania kama mke wako, imeisha mkiwa Bujumbura kumuuguza mama mkwe, na sasa mnaogopa kurudi Kigoma. Tulia kwanza. Hati imeisha akiwa nje ya Tanzania, kwa hiyo hajakaa nchini hata siku moja bila kibali. Na yeye ni Mrundi, raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, anaweza kuingia kama mgeni bila viza kwa muda usiozidi miezi sita. Cha kuangalia ni pasipoti yake. Ikiwa nayo imeisha, aihuishe hukohuko kwao kabla hamjapanda gari.

Pale Manyovu, kituo cha mpakani upande wa Kigoma, asidanganye kwamba anakuja kutembea. Aseme anarudi kwa mumewe, aonyeshe hati ya zamani na cheti cha ndoa. Mke wangu naye ni wa huko. Afisa alisoma cheti chetu mstari kwa mstari, akauliza watoto wanasoma wapi, akagonga muhuri. Someni siku mlizopewa papo hapo dirishani, msisubiri mfike nyumbani. Ukifika mjini nenda uhamiaji mkoa wiki hiyohiyo ukaombe hati mpya, usingoje siku za ugeni zikaribie kwisha.

Kuna watu watawaambia mvuke usiku kwa njia za panya, elfu kadhaa tu. Nakuomba kaka, usimpitishe shemeji huko. Bila muhuri wa kuingia, hapo ndipo anakuwa na kosa kweli.