Jibini kwenye joto la Tanga: maswali yenu

Wiki hii nimeyaweka pembeni maswali ya pilau na biriani. Yaliyorundikana ni ya jibini: namna ya kuipanga, kuiweka na kuwakaribisha nayo wageni.

*Shikamoo dada. Jumamosi jioni nina wageni wanane na nataka kuwatengea sinia la jibini kabla ya chakula. Ninunue aina ngapi, na kiasi gani?* (Raskazone)

Marahaba. Maadamu chakula chenyewe kinafuata, gramu 50 hadi 60 kwa kila mtu zinatosha, kwa hiyo nusu kilo itawafikia wote wanane. Aina tatu tu. Moja ngumu kama cheddar au gouda, moja laini kama mozzarella au brie, na ya tatu ifuate unavyowajua wageni wako. Ile yenye mishipa ya buluu mimi siiweki mpaka nijue nani anakuja. Asiyeizoea atadhani umempa kilichooza, na adabu itamfunga mdomo.

*Dada, nilifuata maelekezo nikaitoa jibini kwenye friji saa nzima kabla ya wageni. Walipofika ilikuwa imelegea na kutoka mafuta. Nilikosea wapi?* (Chumbageni)

Hukukosea. Maelekezo hayo yameandikwa kwa nyumba za Ulaya, ambako sebule ina nyuzi 18 au 20. Huitoa mapema ili ubaridi uishe, maana jibini baridi haina harufu wala ladha. Lakini Tanga ya mwezi wa pili, joto likishapita nyuzi 30, mafuta ya maziwa hulainika na kuanza kuchuruzika. Kwetu dakika 20 zinatosha kwa ngumu, 10 kwa laini.

Ikate ingali baridi, tena kata kidogo tu. Kipande kikubwa hustahimili joto kuliko slesi, basi kiache na kisu chake wageni wajikatie. Toa nusu, nusu ibaki kwenye friji. Na ubao wa mbao unaouona kwenye picha za mtandaoni usikusumbue: lete sinia la bati, lile lile la pilau, ulikalishe juu ya trei yenye barafu. Bati hupitisha ubaridi, mbao haipitishi. Feni isiipulizie moja kwa moja, itakauka kingo na kupasuka. Ikishakaa mezani kwa muda wa saa mbili, iondoe. Siku joto likizidi nyuzi 32, usiivushe saa moja.

*Assalaam alaykum. Mume wangu kasikia jibini hugandishwa kwa kitu cha tumboni mwa ng'ombe. Ni halali?* (Ngamiani)

Waalaykum salaam. Kasikia sawa, ila si zote. Kinachogandisha ni reneti, kimeng'enya ambacho asili yake ni tumbo la ndama anayenyonya. Siku hizi viwanda vingi hutumia kinachotokana na kuvu au vijidudu. Parmigiano Reggiano ya Italia, kwa kanuni zake, lazima iwe ya ndama. Kuhusu ndama asiyechinjwa kisharia, wanazuoni wametofautiana, kwa hiyo muulizeni sheikh wenu. Mimi ni mtu wa jikoni. Dukani tafuta alama ya halali, au pakiti iliyoandikwa "microbial", yaani reneti ya vijidudu.

Ukitaka kuondoa shaka kabisa, tengeneza yako. Bandika lita 2 za maziwa mpaka yakaribie kufura, zima moto, tia maji ya limau vijiko 4 vya mezani kidogo kidogo huku ukikoroga taratibu. Yatakatika, mabonge upande wake na maji ya kijani kijani upande wake. Yakisuasua ongeza kijiko kimoja. Chuja kwa kitambaa chepesi, suuza kwa maji baridi kutoa uchachu, tia chumvi, funga, kandamiza kwa sufuria yenye maji kwa muda wa saa moja. Utapata gramu 300 na ushei. Hii haiyeyuki hata kikaangoni, kwa hiyo joto letu hailiogopi. Yale maji usimwage, kandia chapati.

*Biskuti za kulia jibini sizipati huku. Niweke nini?* (Makorora)

Hazina maana kubwa. Chukua boflo, kata vipande, vichome kidogo kikaangoni. Korosho, tende, machungwa ya Muheza. Cheddar na tende sijaona mgeni akaziacha. Achari ya embe kidogo pembeni hukata yale mafuta. Waingereza wenyewe hula cheddar na chatini waliyojifunza India. Asali nayo nzuri, ila mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe. Na ukipanda Lushoto, pita shamba la Irente, wanauza jibini, jemu na mkate.

*Mke wangu ni mjamzito. Ale jibini?* (Pongwe)

Cheddar, gouda na ngumu nyingine za maziwa yaliyochemshwa kiwandani, ale. Brie, camembert, za buluu, na yoyote ya maziwa mabichi, aziache. Kuna bakteria wa listeria, ambaye huzaana hata ndani ya friji na anaweza kuharibu mimba.

*Cheddar yangu imeota ukungu. Nitupe?* (Pangani)

Ngumu haitupwi. Kata sentimita 2 na nusu kuuzunguka ukungu, kisu kisiuguse. Ingekuwa laini, ningesema tupa yote. Hiyo iliyobaki usiwatengee wageni, ikwaruze kwenye makaroni ya nyumbani.