Doronikamu imelala, haijafa

SWALI: Doronikamu niliyoipanda chini ya mti ilinipa maua mazuri ya njano majira ya machipuko. Sasa ni kiangazi na majani yote yamekauka. Niing'oe?

JIBU: Usiing'oe, ndugu yangu! Imelala tu. Nami nusura niitupe yangu mwaka wa kwanza. Nilipofukua kwa kidole nikakuta shina la ardhini bado gumu, lina vichipukizi vidogo. Asili yake ni kusini-mashariki mwa Ulaya hadi Kaukazi, na hupenda kivuli chepesi na udongo wenye mboji, usiokauka kabisa. Itandazie majani makavu, kisha uchomeke kijiti cha alama usije ukaikata kwa jembe. Kila miaka 2 au 3, igawanye majira ya vuli. Ikisongamana, maua hupungua.