Kabla Hujashusha Tangi

Wanangu wa gereji, jana nimemkuta mmoja wenu chini ya Hilux yenye injini ya 22R-E, ile ya sindano za petroli, tangi lenye pampu ndani yake keshalilegeza, na geji ya presha ya petroli iko sandukuni haijaguswa. Namuuliza, ananijibu: "Pampu inalia, mzee, imechoka." Mlio unakwambia inazunguka tu, haukwambii inasukuma kiasi gani! Nawapenda nyote, ila hili limenikosesha usingizi, kwa sababu kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe, tena mara mbili kwa gari moja.

1. Geji kwanza. Swichi ikiwa imewashwa, unganisha tundu la Fp (pampu) na la +B (umeme) kwa kipande cha waya kwenye kile kiboksi cha majaribio, pampu izunguke injini ikiwa imezimwa. Presha iwe kati ya psi 38 na 44. Hizo ni namba za injini hii. Ya kabureta usiipime kwa namba hizo.

2. Ikiwa chini, bana taratibu ule mpira wa kurudisha mafuta tangini. Presha ikipanda, regyuleta, kile kidhibiti cha presha, inavujisha petroli kurudi tangini. Isipopanda, anza na filta, kisha umeme wa pampu, ndipo pampu yenyewe.

Umeme kabla ya pampu. Nisikilizeni hapa.

Mama mmoja mchuuzi wa samaki alikuwa akitoka Pwani ya Kusini kuja Mombasa kila alfajiri na pikapu kama hiyo. Ikisimama inanguruma vizuri. Ikipakiwa na kupanda kilima inakohoa. Nikafunga geji: psi 24. Nikamwambia ni pampu. Akanunua, nikafunga, nikaijaribu tupu hadi Makupa na kurudi, nikamkabidhi ufunguo kwa fahari.

Siku ya tatu ikamzimikia kwenye kivuko cha Likoni, akishuka feri upande wa kisiwani, kwenye ule mwinuko. Nyuma yake malori yanapiga honi, abiria wa miguu wanapita kila upande. Nilipofika, vijana walikuwa wanaisukuma, na barafu ya samaki inatiririka kwenye bampa mpaka barabarani. Akaniambia kwa upole tu: "Mwanangu, samaki hawasubiri." Hakunigombeza, na ndiyo iliyoniuma zaidi. Nami badala ya kupima upya, nikamwambia pampu ile ni feki, anunue nyingine. Akanunua. Geji: 25.

Ndipo nikamwita fundi umeme, mzee wa makamo. Akaniuliza nilipimaje. Nikasema nilichomoa soketi ya pampu, mita ikasoma volti 12 na ushei. Hakunijibu. Akairudisha soketi mahali pake, akaingiza pini ya mita kwa nyuma yake, pampu ikizunguka: volti 8. Akapima upande wa hasi peke yake, kutoka kwenye pampu mpaka kwenye betri: karibu volti 4 zinapotelea hapo. Tukaufuata waya mpaka ulipofungwa kwenye chesisi. Bolti ilipofunguka, chini yake mlikuwa na unga wa kijani, umeganda kama magadi. Upepo wa bahari huo. Msasa, bolti mpya, grisi juu yake. Presha ikasimama 41.

Waya usiobeba mzigo husoma 12 hata kama umebaki uzi mmoja. Mimi nilijua hayo darasani, nikayasahau chini ya gari. Pampu zote mbili nilimlipa yule mama kidogo kidogo, na samaki wa siku ile sikuwa na namna ya kuwalipa.

3. Ukizima pampu, subiri dakika 5. Presha isishuke chini ya 21.

4. Ukichomoa mpira wa vakyumu wa regyuleta, ule unaoleta mvuto wa hewa wa injini, ukakuta petroli ndani, usiendelee kutafuta. Kiwambo cha ndani ya regyuleta kimepasuka.

5. Toa presha kabla ya kufungua bomba, na hakuna sigara, hata ya mteja.

Wewe wa jana: lile tangi likaze lilivyokuwa, soketi irudi mahali pake. Kesho saa mbili nakuja na mita, nataka nione pini umeichoma wapi.