Tuni ya Nakuru ikishuka Kisumu: niliyoyaona kwa Forester yangu

Wasee wa magari, naandika hii juu wiki hii nimeona tena kijana amefunga inteki kubwa, lile bomba la kuvuta hewa ya injini, kwa Subaru yake halafu akashika njia ya Salgaa akaikanyaga mpaka mwisho, na roho yangu ikashtuka maana mimi nilipitia hapo hapo.

Yangu ni Forester ya turbo, ile feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, na injini yake ni EJ20 ya Subaru. Nilifunga inteki ya bomba pana na daunpaipu, lile bomba la eksozi linalotoka kwa turbo, fundi akaniambia kompyuta itajizoesha yenyewe, wewe endesha tu. Hapana jamani. Kompyuta inajua hewa iliyoingia kupitia ile sensa ndogo ndani ya bomba, na hesabu yake imepangwa kwa upana wa bomba la kiwandani. Bomba likipanuka, hewa ile ile inapita polepole mbele ya sensa, sensa inasoma kidogo, injini inapewa mafuta kidogo. Ukiendesha taratibu hapo town hujui kitu, juu sensa ya oksijeni kwa eksozi inarekebisha ifike ile 14.7 ya hewa kwa 1 ya mafuta. Lakini ukikanyaga turbo ikajaa, marekebisho hayo yanaachwa, gari inafuata ramani iliyo nayo, yaani hesabu zilizopangwa ndani ya kompyuta, na hapo injini kama hii inataka karibu 11 kwa 1 ndio isichemke ndani. Yangu ilipopimwa ilikuwa imepita 13. Mafuta yakipungua hivyo injini inagonga, yaani mafuta yanajilipukia vibaya ndani, na sauti yake ni kama changarawe ndani ya mkebe, kwa mbali sana, redio ikiwa juu huiskii kabisa, na ndiyo inayopasua pistoni za EJ pale kwa mifereji ya ringi.

Nikapata mtu wa laptopu wa kutuni, yaani kupanga upya hesabu za kompyuta ya gari, hapa Nakuru, kwanza akabadilisha plagi, akatafuta hewa inapovuja kwa mapaipu ya turbo, ndio akagusa ramani. Alianza na hesabu ya ile sensa, halafu mafuta, taimingi, yaani wakati plagi inapowasha moto, akaiacha mwisho, digrii moja moja, kila mara anasoma rekodi ya kompyuta. Tulimaliza siku mbili na gari ikawa tamu.

Sasa skiza. Mwezi uliofuata nikashuka Kisumu na rekodi ikiwa inaendelea. Nakuru tuko kama mita 1,850 juu ya bahari, Kisumu ni kama 1,130, kwa hivyo kule chini hewa ni nzito na joto ni jingi. Nimepita Ahero, nikaovateki lori ya miwa, rekodi ikaonyesha kompyuta imerudisha taimingi nyuma digrii 5, maana yake injini inagonga. Ramani ni jedwali, upande mmoja mizunguko ya injini, upande mwingine mzigo wa hewa, na ile safu ya mzigo mkubwa huku Nakuru hatukuwahi kuifikia hata tukikanyaga vipi. Kisumu gari iliingia kwa visanduku ambavyo hakuna mtu alikuwa amevipima. Jamaa hakuwa amekosea, mimi ndiye sikumwambia naendesha wapi.

Kwa hivyo mwambie mtu wako wa tuni mapema njia zako zote, na kama unashuka ziwani mara kwa mara mlipe mafuta na siku yake mwende naye. Mwambie pia unajaza wese gani, usibadilishe baadaye, juu hizi turbo nyingi za Japan zilipangiwa petroli ya oktani 100 (oktani ikiwa juu injini haigongi haraka) na pampu zetu nyingi haziko hapo. Na ukiletewa faili ya ramani ya gari ya mtu mwingine ati ni injini ile ile, kataa, hata kama ni ya bure, juu bomba lake si lako na injekta zake si zako.

Mimi mpaka leo nikipita Awasi kuelekea chini natazama taimingi kwa simu, ikirudi zaidi ya digrii 2 natoa mguu na kumtumia yule jamaa wa laptopu rekodi jioni hiyo hiyo.