Uliza Fundi: Breki za IST zinashikia chini

SWALI: Shikamoo fundi. Nina IST, juzi nimebadilisha pedi za mbele kwenye gereji moja huku Tabata, toka siku hiyo pedali ya breki imekuwa laini, nikikanyaga inaenda chini sana, nikipampu mara mbili tatu ndo inapanda. Wametoa upepo kwenye mabomba ya breki, ikakaa vizuri siku chache, ikarudi vilevile. Sasa fundi anasema busta imekufa ninunue nyingine Gerezani. Ninunue? – Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo hela ya busta iweke mfukoni kwanza. Busta, yaani kile kifaa kinachoongezea nguvu mguu wako, ikifa pedali inakuwa NGUMU, unakanyaga mpaka mguu unauma na gari halisimami, wewe ya kwako laini, mambo mawili tofauti kabisa. Na pedi mpya nazo haziwezi kulainisha pedali muda wote huo, ni zile pampu za mwanzo tu wakati pistoni zinarudi mahali pake, basi.

Fanya hivi. Gari likiwa limezimwa, piga pampu kama tano hivi afu kanyaga kwa nguvu ushikilie, usiachie. Ikizama taratibu chini ya mguu, kuna sehemu inavuja, au masta silinda, ile pampu kuu inayosukuma mafuta ya breki, imeliwa raba za ndani, na hii ya pili inawachanganya wengi kwa sababu hutaona hata tone nje, mafuta yanapita humohumo ndani. Ila usipime injini ikiwa imewashwa afu ukashtuka, hapo pedali lazima ishuke kidogo, ndo kazi ya busta yenyewe.

Ikipanda kwa pampu na ikabaki juu bila kuzama, kama unavyoeleza, fikiria upepo au breki shuu za nyuma ziko mbali na dramu. IST nyingi nyuma zina dramu, na mafundi wetu wakishagusa pedi za mbele nyuma hawafungui hata kuchungulia! Mwambie afungue zote mbili, akaze ajasta inayosogeza shuu karibu na dramu, avute na vile viraba vya wili silinda, ile pampu ndogo ya kila tairi, aone kama kuna unyevu ndani. Kwa vile upepo ulitolewa na umerudi, mi naanzia hapo, maana upepo hauingii wenyewe, kuna mahali unapita, au kopo la mafuta liliachwa likakauka wakati wanatoa.

Kutoa upepo nako kuna adabu yake. Wengi tunaanza na tairi la mbali zaidi na masta silinda, kwa usukani wa kulia ni la nyuma kushoto, mmoja anakanyaga anashikilia, mwingine anafungua nipo (kile kiskrubu cha kutolea upepo), anafunga KABLA mguu haujaachiwa, na kopo linaongezwa kila baada ya muda. Pedali isigandamizwe mpaka sakafuni, kwenye masta silinda ya zamani raba zinaenda kusugua sehemu yenye kutu ambayo hazijawahi kufika, zinachanika, unatoka na tatizo jipya.

Ikizama kwenye kile kipimo usiendeshe hata mpaka Buguruni, mwite fundi aje hapohapo nyumbani.

SWALI: Fundi, mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 naweza kuchanganya? – Mama wa Kigamboni

JIBU: Unaweza mama, haziharibu kitu, ila nguvu ya DOT 4 inapungua. DOT 3 mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, ikishanyonya maji inashuka mpaka 140 hivi, na hewa yetu ya pwani unaijua, kwa hiyo badilisha yote kila miaka 2, hasa kama unashuka mlima Kitonga na mzigo. DOT 5 ndo usiiguse, ile ni silikoni, haichanganyiki na hizi. Na mafuta ya injini kwenye kopo la breki, hata tone, raba zote zinavimba.