Jibu: Tervuren kwa siku moja kutoka Brussels, bila gari

Habari dada. Umesema uko Brussels na watoto wawili, unataka kwenda Tervuren, mji mdogo jirani na Brussels, Ubelgiji, siku ya Jumatatu, na kila ukitafuta treni huioni.

Kwanza angalia hiyo siku. Jumba la Makumbusho la Afrika, lililoko huko Tervuren, hufungwa Jumatatu. Sogeza iwe Jumanne kama inawezekana. Siku za kazi hufunguliwa saa 5 asubuhi, basi usiwaamshe watoto mapema bure.

Treni huioni kwa sababu haifiki huko. Panda metro hadi Montgomery, kisha tramu namba 44 inayoanzia hapo hapo chini ya ardhi, mpaka kituo cha mwisho. Usiiharakishe safari hiyo: tramu inapita kando ya Msitu wa Sonian, na majani yanakaribia kugusa vioo. Ukilipa kwa kadi ya benki, kadi moja ni abiria mmoja.

Jumbani, waonyeshe watoto mtumbwi wa mita 22.5 uliochongwa kutoka gogo moja. Halafu tembeeni hadi kanisa la Mtakatifu Yohana mjini. Kando yake yapo makaburi ya Wakongo 7 walioletwa kuonyeshwa kwa watu katika maonyesho ya kikoloni ya 1897 wakafia huku. Tafadhali msipite bila kusimama.

Bustani yenye mabwawa nyuma ya jumba ni bure. Msitu wa miti ya mabara mbalimbali nao ni bure, ila kwa miguu ya watoto ni mbali. Ukiingia dukani, salimia kwa Kiholanzi: "Goeiedag", yaani siku njema.